Moto Alioupa Mgongo

Shikamoo Mama. Mjukuu wako Neema sasa hivi amemwaga maji yangu yote ya kunywa juu ya kijinga cha moto cha mama muuza chai, hapa nje ya mahakama Kilosa, kisha akachuchumaa kukitazama. "Moto umelala," anasema. Mama chai akacheka, "Huyu angemfundisha baba yake." Nikacheka nami, machozi yakinilengalenga.

Huko Njombe baridi inawaachia? Kifua chako je? Sisi tunapumua. Habari ya Baba Neema uliisikia nusunusu kwenye simu, ngoja nikueleze.

Alichoma shamba letu la Mikumi kabla ya mvua. Huku mtu hachomi peke yake Mama. Unafyeka mpaka, unawaita majirani waje na matawi mabichi, nawe unawapikia togwa. Yeye akaniona nimechoka kukesha na homa ya Neema, akasema togwa ya nini, nitachoma mwenyewe. Akawasha, akaenda kunywa chai barabarani. Moto ukavuka, ukala nyumba ya Bibi Mwajuma, jirani yetu. Bibi alitolewa hai, ila miguu imeungua.

Mara ya kwanza hapa mahakamani Baba Neema alisema, "Mheshimiwa, ni ajali. Upepo ule." Hakimu akajibu polepole kama anayesimulia hadithi: ajali humpata hata mwangalifu. Wewe ulijua moto unatembea, ulijua pale analala mtu, ukaupa mgongo. Hukumtakia mabaya, lakini sheria inaliita jambo hilo uzembe, na ni kosa.

Maneno hayo nayaota. Naona majivu yanashuka taratibu kama sufi, Bibi anayakanyaga pekupeku, wala hayamchomi.

Tangu siku ile Baba Neema hakuwahi kumtaja Bibi. Leo ameshushwa kwenye gari la polisi, hata hajanisalimu, akauliza, "Bibi ameanza kutembea?"

"Anajikongoja na fimbo. Yumo ndani."

"Leo sitautaja upepo."

"Na wakikufunga?"

"Mwambie Neema baba alijua moto unatembea."

Mama, sijui kwa nini moyo umekuwa mwepesi. Naliona shamba limeota kijani hadi kwa Bibi, naye ameketi na kikombe cha togwa. Nisalimie Baba, na dada Rehema anayekutekea maji, na mjomba fundi baiskeli. Akifungwa nitabaki Mikumi, nimpikie Bibi uji mpaka

Karani anaita, "Mama Neema, ingia, mumeo amesimama." Nakuja kumalizia, Mama, ila nikimsikia akilitamka kosa lake mwenyewe mbele ya Bibi, mimi nitamngoja hata