Nyota ya Jumapili Jioni

Dada Subilaga,

Nimechanganyikiwa, na wewe ndiye niliyezoea kumuuliza.

Jumamosi watoto wako wanaanua tanga lako huko Ibaba. Wameniomba mimi mdogo wako nisimulie habari ya nyota yetu: jinsi nilivyoondoka nyumbani nikiwa kijana, nisirudi kuishi tena, tukapatana kuitazama Zuhura kila Jumapili jioni, wewe mlimani, mimi Tunduma, kisha tuulizane kwa simu. Ulikuwa ukinichokoza: "Na moshi wa malori yako huo, utaona nini?" Nikijibu nimeiona, nawe unasema, "Hata mimi nimeiona, mdogo wangu."

Wiki iliyopita Mwalimu Atupele, anayefundisha fizikia, alileta darubini kwenye uwanja wa kanisa letu. Jua lilikuwa limezama tu. Nikamwonyesha nyota yetu, akaielekeza, nikainama. Niliona duara dogo lenye mistari miwili na nukta nne zimejipanga kando yake. Akasema taratibu, "Babu, hiyo ni Mshtarii. Nukta hizo ni miezi yake. Zuhura siku hizi inatoka alfajiri."

Nilibisha. Nikaenda kuleta madaftari yangu, nilimoandika tarehe na majibu yetu ya Jumapili zote. Akairudisha anga nyuma kwa kompyuta yake, tarehe kwa tarehe. Miezi mingi Zuhura haikuwepo jioni. Jumapili nyingine hata Mshtarii haikuwepo. Na zote tulisema tumeiona.

Sababu yangu naijua. Masika, wingu limefunika hadi Nakonde ng'ambo ya mpaka, nilisema nimeiona ili usijione uko peke yako. Lakini yako, Dada? Ulitazama nyota nyingine? Au nawe ulikuwa jikoni ukiota moto, ukinihurumia?

Mwalimu anasema wataalamu huipitisha nuru ya sayari kwenye chombo kinachotenganisha rangi zake, wakajua ina hewa gani bila kufika. Mimi sauti yako nimeisikia miaka yote hiyo, na neno lako moja, "nimeiona," linanishinda kulijua ukweli wake. Kuna siku naona heri uwe ulinidanganya. Kuna siku wazo hilo silivumilii.

Pumzika, Dada. Jumamosi sitasema tuliiona Zuhura. Nitawasomea madaftari, na uongo wangu wa masika nitaukiri mbele yao. Maneno yako nitayaacha kama ulivyoyasema.

Mdogo wako,
Ambakisye