Majina ya Kijiji cha Shosho

Adelphi, Jumapili, 9 Novemba 2008

Lakini kwa nini ayasome kwa sauti? Yule shosho, bibi kizee Mwingereza ninayemtunza kule Arlington, huku Marekani, leo, siku ya Waingereza ya kuwakumbuka mashujaa wao, amekataa dawa mpaka amalize majina ya wanajeshi wa kijiji chao waliokufa vitani. Kumi na moja, polepole, chai inapoa. Nilikasirika.

Nikamwambia hata babu yangu alichukuliwa na jeshi la Keya kumpigania Mwingereza, akapotelea Burma. Hana kaburi, hana hata picha.

Akaniangalia. "Aliitwa nani?"

"Njoroge, kama mimi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake."

Akaomba kalamu, akaliandika chini ya yale mengine, akaanza kusoma upya. Alipofika kwa Njoroge, nikaitika bila kufikiri.