Herufi Alizozijua Mama

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Ipuli hatujambo. Shangazi yako amevuna karanga, na goti langu linanisumbua vilevile.

Uliniuliza kwa nini nilinyamaza kwenye simu uliponieleza kazi yako: kwamba programu, kabla ya kuandika chochote kwenye kioo, husoma kwanza mipangilio ya lugha ya kompyuta ili ijue kompyuta hiyo inafahamu herufi gani, la sivyo mtu ataona alama za kuuliza tupu.

Nilimkumbuka mama yangu. Enzi za Ujamaa nilipelekwa kufundisha kijiji cha mbali, yeye akabaki Kwihara. Mama alisoma madrasa tu, akijua herufi za Kiarabu. Nami nilizijua, yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini nilishakuwa mwalimu, nikamwandikia kwa herufi za shule. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika nilimwandikia, "Mama, njoo." Hakuja. Nikasusa, nikaacha kuandika.

Nilirudi kwenye msiba wake. Barua zangu zote zilikuwa ndani ya msahafu wake, zimefunguliwa. Nikamuuliza mama mdogo kwa nini hakutafuta wa kumsomea.

"Alikataa," akasema. "Alisema siri ya mwanawe haisomwi na jirani. Ukija utamsomea mwenyewe."

Kesho yake nikaenda kaburini peke yangu, nikamsomea moja baada ya nyingine. Ile ya "Mama, njoo" sikuweza kuimaliza.

Bibi yako anayekukumbuka.