Kilichoandikwa Mbele ya Jina la Mama Yako

Kaifeng, mwezi wa Rajabu

Sifa zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba ulimi kisha akauumbia sikio.

Kwako binti yangu Yaqin, huko Shenzhen pamoja na mumeo na wajukuu zangu. Assalamu alaykum. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunisumbua wakati wa kusujudu. Natumai nanyi hamjambo, na kwamba kazi haikunyimi usingizi.

Mwanangu, kwa kuwa hukuwahi mazishi, na arobaini tuliisoma bila wewe, uliomba upelekewe walau sauti ya marehemu mama yako, yale masomo aliyorekodiwa akiwafundisha kina mama katika msikiti wao wa wanawake. Nililifikisha ombi lako kwa Bibi Dan Xiuping, karani wa msikiti. Akaitafuta katika kanzidata, asione hata somo moja. Alinijia akilia.

Tukamwita Mu, fundi wa kompyuta. Alipochunguza alitueleza kwamba siku ya msiba Xiuping, kwa adabu yetu ya kutolitamka neno kufa, aliandika mbele ya jina la mama yako: "amerejea". Lakini programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya kuazimisha vitabu na kanda, nayo hulijua neno hilo kwa maana moja tu, kwamba kilichoazimwa kimerudi kwa mwenyewe, basi vyote vilivyo chini ya jina hilo viondolewe.

"Mashine haijui msiba, Shehe," Mu aliniambia. "Ukiiambia karudi, inashukuru na kufunga mlango."

Zilibaki nakala za akiba, zinazochukuliwa kila siku. Nazo, ili diski isijae, hujisafisha zenyewe, na iliyotimiza miezi mitatu hufutwa bila kuulizwa mtu. Mu alipekua akakuta moja tu iliyoutangulia msiba, nayo ilikuwa ya kufutwa adhuhuri ileile. Akausimamisha usafishaji, akaifungua nakala ile taratibu, na Xiuping ameshika tasbihi asiyoisogeza hata punje.

Mara mama yako akasikika akimkemea mwanafunzi wake Bibi Sha: "Shoga, unasoma au unatafuna karanga?" Xiuping alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi nilitoka uani, nikasimama nimeuelekea ukuta.

Masomo yote yalipatikana, alhamdulillahi.

Sasa nakuungamia. Mu alitaka kukutumia papo hapo kwa simu, nami nikamzuia. Nilimwambia kwamba ukiitaka sauti hiyo utaifuata nyumbani. Maana nilijua ukiipata huko hutakuwa na sababu ya kuja. Bado napika tambi za watu wawili, mwanangu, na jioni nayasikiliza malango ya majirani, nani amefika.

Siku kadhaa nimeswali na jambo hilo kifuani, na swala haikunipa utulivu. Nimewafundisha watu umri wangu wote kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe bila sharti. Yako imo katika bahasha hii, ndani ya flashi niliyoifunga kwa kitambaa. Isikilize na watoto. Sauti haina tena haja ya kukuleta Kaifeng. Ukija, utakuwa umenijia mimi.

Mwenyezi Mungu aijaze nyumba yako rehema, awakuze wanao katika uongofu, amlaze mama yako mahali pema, na asiufunge mlango wowote kati yangu nawe.

Wako baba,
Hai Chengde