Marthe, Kaye Yako ya Mwisho na Swali la Mara Tatu

Georgette, mwaka umetimia tangu ile homa ikuondoe mikononi mwetu hapa Baraka, mwezi wa nane wa 1956. Ninayeandika ni mimi Dorothée, yaya yako, dada mkubwa wa nyumba, kwa niaba ya jamaa yote. Unanijua. Leo nina machozi, na hasira kidogo pia.

Ulifundisha ushonaji kule misheni, lakini nani alikuja kwako kwa ajili ya sindano? Wasichana walifuata kaye zako, yale madaftari uliyoandikia hadithi za mapenzi. Walizipitisha chini ya vitambaa, na masista wakasifu jinsi darasa lako lilivyotulia. Ulipotusimulia nyumbani ulicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Katika hadithi zako mlikuwa na wasichana wawili. Florentine hakuogopa mtu: akipenda anasema, akichukia anasema mara mbili. Constance aliona haya hata kusalimia. Aliinamisha macho akanyamaza, na kijana Eugène akayaelewa yote usoni mwake. Kila mara Constance ndiye aliyeolewa na ampendaye. Wasichana waligombana juu yao mpaka nyuzi zikajifunga.

Siku moja nilikuuliza kwa nini huyo asiyesema ndiye anayeshinda. Ukanijibu: "Yaya, Florentine ni mi. Constance ni Marthe yetu. Mi nitajitetea popote, lakini yeye nataka ashinde." Sikushangaa, maana mdogo wetu ulimpenda kuliko sisi wote.

Lakini Georgette, Marthe alikuamini mno! Alizijua kaye zako zote bila kuzitazama. Ulipotutoka akazidi kuinama, akawa kama yule Constance wako mzima mzima.

Mwezi wa sita mwaka huu watu wa Fabien wakatuma neno la kumposa Marthe. Ni yule mchuuzi anayepanda mpaka Misisi kuuza vitambaa, mtu mzima, si mbaya. Baba akawaambia wangoje, maana nyumba yenye kilio haipokei jembe la posa kabla mwaka haujaisha. Tulipokuwa tunaosha vyungu ziwani, Marthe akaninong'oneza: "Yaya, mi simutaki."

"Basi utasema."

"Nitanyamaza. Bataona kwa uso yangu."

Weee! Chungu kilitaka kuniponyoka. Desturi yetu unaijua. Jembe likiletwa, baba anamwuliza binti yake mbele ya wote, mara tatu, kama lipokewe. Akinyamaza mara zote tatu, amekubali. Kwenye karatasi yako Eugène alikuwepo wa kusoma uso. Kwenye mkeka wa baba hakuna Eugène.

Nilimkimbilia mama. Akasema: "Baba atauliza mutoto mwenyewe. Kinywa yangu haiwezi kujibia yake." Nikamfundisha Marthe kila asubuhi: sema hapana. Hakulitamka hata mara moja. "Constance hakusemaka," akanijibu, "na yaya Georgette ndiye aliandika." Hapo nilikukasirikia, mdogo wangu, Mungu anisamehe. Nilikuona umemfunga kamba ukaondoka zako. Wiki hizo bugali uliniungua mara ngapi, hata dagaa nilitia chumvi mara mbili. Nilihesabu siku kwa hofu, na mwaka wako wa kilio, ambao ulipaswa kutupumzisha, nikautamani usiishe.

Ukaisha. Asubuhi ya kumaliza kilio mama alifungua sanduku lako la nguo, ambalo hakuna aliyeligusa tangu tukuzike. Chini ya nguo yako ya Pasaka palikuwa na kaye moja tusiyoijua. Marthe akaisoma amesimama. Humo watu wa mwanamume mwingine wameleta jembe, na Constance yuko mbele ya wazee. Baba yake anauliza, ananyamaza. Anauliza tena, ananyamaza. Kisha uliandika: "Mara ya tatu Constance akainua kichwa." Basi. Homa ilikukatia hapo, chini ni karatasi tupu.

Marthe akaifunga. Akaiweka kifuani, na mimi sikujua nitumaini au niogope zaidi.

Kesho yake watu wa Fabien wakaja. Baba akaweka jembe lao juu ya mkeka. "Marthe, tupokee jembe hii?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Mjomba wa Fabien tayari alikuwa anatabasamu, akivuta koti lake vizuri. Niliuma kitambaa changu nisipige kelele.

Baba akauliza mara ya tatu. Marthe akainua kichwa.

"Hapana, baba. Muirudishe."

Ilikuwa sauti yake ileile ndogo ya kila siku, nayo ilitosha. Baba akasema, "Nimesikia." Wageni wakachukua jembe lao, wakaaga kwa heshima.

Marthe hakula mchana kutwa. Jioni aliomba kereyo ya kuandikia. Chini ya mstari wako ameandika: "Akasema hapana, na baba yake akamsikia."

Nisamehe hasira yangu, Georgette. Kumbe ulikuwa unakuja kumfungua.

Tunaokukumbuka ni Marthe, aliyeomba mwenyewe jina lake litangulie, baba yako Anatole, mama yako, mimi Dorothée, na wasichana wote wa sindano. Siku zote tutakuwa nawe mioyoni, na daima jina lako litatajwa katika nyumba hii.