Nilikupigia Makofi, Yaya Ngoy

Yaya Ngoy,

Hii ni wiki ya saba na bado siamini. Naenda sokoni Kashikishi, naona baiskeli imeegeshwa na tenga la samaki nyuma, nageuka kukutafuta. Halafu nakumbuka. Kila mara nakumbuka upya, kana kwamba mtu amenijia mbio na habari hiyo sasa hivi, na kila mara naganda palepale katikati ya njia, watu wananipita wananishangaa.

Ulikuwa unakufa, Yaya, hatua nne kutoka nilipokuwa, na mimi nilikupigia makofi.

Acha nianze mbali kidogo, maana nikianzia hapo siwezi kuendelea.

Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini nilikuita Yaya, kaka yangu mkubwa, tangu siku ile ya foleni ya unga kambini, tulipokuwa tumevuka kutoka Kongo miezi michache tu. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo nasoma ile riwaya yangu nene ya Kiingereza, ya zamani, kitabu pekee nilichokimbia nacho. Ukauliza, "Madamu, hiyo kitabu inasema nini?" Nikakusimulia kwa Kiswahili. Mzee mmoja tajiri, mwenye kinu cha kusaga ngano, anamfukuza binti yake kwa sababu ameolewa na maskini. Foleni ilikuwa ndefu, tukafika sura ya tatu. Kesho yake ulirudi ukauliza ya nne.

Sikujua kwamba ukipanda baiskeli yako kupeleka samaki wakavu Mwansabombwe, unaisimulia tena njia nzima. Siku moja mama mmoja wa huko alikuja huku ziwani kununua chisense, dagaa wa huku, akanishika nguo: yule binti atarudi kwao au harudi? Mimi nilidhani kitabu kiko kwenye begi langu. Kumbe kilishafika kwa watu, na wewe ulikuwa umekwisha kukigeuza. Kinu hakikuwepo tena. "Madamu, huku nani anajua ile kinu? Tumupatie mitumbu na nyavu, batu bataelewa mara moya." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikachukua daftari, nikaanza kuandika mchezo.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya kifo chake? Katika kitabu mzee anakufa peke yake, usiku, chumbani, mshumaa mmoja, theluji nje. Binti anafika asubuhi, amechelewa. Mimi nililia nilipousoma ukurasa ule. Wewe uliukataa kabisa. "Kwetu mutu hafwake yeye peke yake. Hata kama ni mulozi, batu banakuya kuikala naye." Nikakubali, kwa shingo upande, kwa ajili ya jukwaani tu.

Na siku ile ya mchezo ukumbini kanisani, wewe ukiwa ndiye mzee, ulipojilaza kwenye mkeka, wanawake wa watazamaji waliinuka wenyewe. Hakuna aliyewaita. Walivua viatu, wakapanda jukwaani, wakakuzunguka wamenyoosha miguu kama msibani, mmoja amekushika nyayo, wanalia "Mayo! Mayo!" Wewe ulifungua jicho moja ukanitafuta nyuma ya pazia, na ulikuwa unacheka tumboni, niliona blanketi linatikisika. Nilitaka kukuchapa. Nilitaka pia siku ile isiishe.

Halafu ikaja kamera.

Mama mmoja wa Lusaka aliyeutazama mchezo ndiye aliyetutumia. Alisema kutakuwa na maonyesho huko, filamu zilizotokana na vitabu vya zamani vya Kiingereza, na watazamaji watakuwa watu wanaovijua vitabu hivyo. Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba, Yaya. Diploma yangu ya ualimu imekaa kwenye mfuko wa nailoni tangu tuvuke, hapa hakuna ofisi iliyowahi kuisoma. Nilitaka watu wale wajue kwamba mwalimu wa kambini amekisoma kitabu chao mpaka mstari wa mwisho. Kwa hiyo nikasema: safari hii kama kilivyo. Chumba kitupu. Mshumaa. Baridi kali.

Baridi kali, Kashikishi, mwezi wa kumi.

Nilikutafutia koti kwenye marundo ya salaula, nguo za mitumba, la sufu, zito, linafika magotini, lenye vifungo vikubwa kama vya askari wa zamani. Nilitundika mablanketi kwenye madirisha ya chumba changu ili saa sita ya mchana iwe usiku. Bati juu lilikuwa linalia kwa jua. Nikakufunga vifungo vyote mimi mwenyewe, mpaka shingoni, nikakulaza kitandani, nikawatoa watu wote nikawapanga nyuma ya kamera. Nikawaambia: mtu asiingie kwenye picha, hata nzi asiingie. Mkeo Feza, Mama Feza kama sote tunavyomwita, alikuwa amekuja na sahani yako ya chakula, amefunika na nyingine. Akasimama nyuma yangu akingoja tumalize.

Mara ya kwanza nilikwambia unakufa kama mwanakwaya, unatafuta sauti. Watu walicheka, na wewe pia.

Mara ya pili ulikatiza mwenyewe katikati. Ukaketi. Ukanikonyeza nisogee, nikasogea, ukaniambia kwa sauti ya chini: "Madamu, kifua kinanibana. Na hii mukono inakuwa baridi."

Nitaandika nilichokujibu, maana nikikiacha barua hii yote ni uongo. Nilisema: "Vizuri sana. Kitumie hichohicho."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukasema, "Basi tumalize, chakula kinapoa," ukalala tena.

Mara ya tatu nilikuona kwenye kioo cha kamera unatoka jasho, midomo inabadilika rangi, nikasema moyoni, hatimaye. Hatimaye ameelewa. Nilikuwa na furaha, Yaya! Sijui Mungu ataniweka wapi kwa furaha ile. Halafu ukageuza kichwa, ukatoka kabisa kwenye maneno niliyokuandikia, ukasema, "Feza, ingia."

Katika kitabu hakuna Feza. Hilo ndilo wazo lililonijia kichwani. Mama Feza alikuwa ameshaweka sahani chini, amepiga hatua. Nikamshika mkono, hapa juu ya kiwiko, kwa nguvu. Nikamnong'oneza, "Mama, usituharibie picha." Akavuta. Nikamshikilia. Mkono wako ukaanguka pembeni ya kitanda, nikahesabu mpaka ishirini, kwa sababu kitabu kinasema mshumaa uliendelea kuwaka. Kisha nikamwachilia nikapiga makofi, na wenzangu wote wakapiga makofi, chumba kizima. Yeye tu hakupiga. Alikuwa ameshafika kwako.

Vifungo vilikataa kufunguka. Nilivuta, vikakataa, nikavikata kwa meno. Kule zahanati nesi aliweka sikio kifuani kwako, akainuka, akaniuliza kwa nini mtu amevaa hivi kwenye joto hili. Akasema ni moyo, na kwamba ulikuwa umekwenda kabla hatujatoka nyumbani.

Tangu hapo watu wanasema mengi. Wengine wanasema ni mchezo uliokuua, mtu hachezi na kifo mara nyingi hivyo. Wengine wananipa pole, wananiambia ni bahati mbaya iliyotupata sote, na hao ndio wanaoniumiza zaidi. Kundi letu la mchezo halikutani. Mama wa Lusaka aliandika rambirambi nzuri, na chini kabisa akauliza kama ile sehemu ya mwisho ilikuwa imekamilika. Sikumjibu. Niliificha kamera ndani ya gunia la mahindi, nikaweka na sufuria juu yake.

Mama Feza hakusema nami. Msibani alinipita kama anapita mti. Niliona ni haki yake. Halafu Jumatano moja akaja mpaka mlangoni kwangu, hakuketi, akasema, "Nataka kuona ile picha."

Nikamwuliza kwa nini ajiumize.

"Weye ulikuwa mbele yangu. Sikuona macho yake. Aliniita, na miye sikuingia. Nataka kujua kama alikufwa anafikiri nilikataa."

Yaya, nilishika fremu ya mlango. Wiki zote hizo nilikuwa nikihesabu uchungu wangu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba yeye analala na swali hilo. Nikamwambia aje Jumapili baada ya ibada.

Nilikuwa na siku nne, na unajua najua kukata picha. Kamera sikuizima kati ya mara ya pili na ya tatu, kwa hiyo sauti yako imo. Kifua kinanibana. Na yangu imo: kitumie hichohicho. Siku ile hakuna aliyeyasikia maneno hayo isipokuwa sisi wawili, na wewe hupo. Nikakata. Nikatengeneza picha fupi inayoanzia mara ya tatu, ile ndefu ikabaki kwenye kamera. Nikajisemea nafanya hivyo kwa kumhurumia yeye, mjane ana mzigo wa kutosha. Nilijidanganya vizuri kabisa, nikala, nikalala usingizi.

Jumapili alikuja na Biblia yake kwapani, kitambaa cheupe kichwani. Akaketi kwenye kiti chako. Nilikuwa na kidole juu ya ile picha fupi, nimebakiza kubonyeza tu, akasema, "Aksanti, Madamu. Mungu akubariki juu ya hii."

Asingesema hivyo ningeweza. Angenitukana ningeweza. Lakini alinishukuru, na mkono wangu ukakataa.

Nikamwambia, "Mama, kuna mwanzo wake. Ukiusikia utanichukia."

"Nilisha kukuchukia," akasema. "Onyesha."

Nikaonyesha yote. Ulipoketi kitandani ukamnong'oneza mtu asiyeonekana, aliinama mbele. Alisikia kifua. Alisikia mkono wa baridi. Akanisikia mimi. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha." Mara tatu, Yaya, mara tatu nimeisikia sauti yangu ikisema vizuri sana, na ni sauti ya mtu aliyeridhika. Ningekuwa siijui ningesema huyu ni mwalimu mwema.

Kisha tukaacha iende. Jasho, midomo, kichwa kinageuka. "Feza, ingia." Na hapo niliona kitu ambacho siku ile sikukiona, kwa sababu siku ile nilikuwa natazama filamu yangu. Macho yako hayakuangalia kamera. Yalipita pembeni yake, yakatafuta, yakasimama. Yalitulia. Uliona sahani imewekwa chini. Uliona anavuta mkono. Uliniona mimi nimemshika.

Mama Feza aliweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wako. "Ameniona," akasema. "Ameona nakuya."

Alirudia hivyo sijui mara ngapi. Kisha akaondoa kidole, akanigeukia.

"Alikuambia."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuambia kifua, na weye ukasema muzuri."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono nikampa kile kikadi cha kamera. Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, akapiga fundo mbili. "Hii ni yangu. Haiende Lusaka." Mlangoni akasimama, bila kugeuka. "Sijakusamehe. Usiingoje. Lakini batu banakupatia pole, na weye unapokea. Hiyo iishe."

Basi nimefanya hivi. Mama wa Lusaka nimemwandikia kwamba filamu haipo tena, na sababu yake, yote, pamoja na maneno yangu yale. Jibu bado. Jumamosi hii nimewaita kundi zima ukumbini, na wazee wa kanisa, na yeyote anayetaka kuja, saa nne ya asubuhi. Nitasimama niwaambie kwamba uliniambia unaumwa kifua, nami nikakwambia ukitumie. Huenda wasinipe tena watoto wao niwafundishe. Naogopa sana, Yaya. Mama Feza ameniletea ujumbe kwamba atakuja, na kwamba ataketi mbele kabisa anione vizuri.

Mchezo wa jukwaani ni wa wote, wakitaka kuuendeleza wataucheza kama ulivyoutengeneza wewe. Mimi sitawaongoza mpaka waniite wenyewe, na wasiponiita nitanyamaza.

Lala, mwenzangu. Uende kwa amani ambayo mimi nilikunyima dakika zile za mwisho. Nakuahidi kitu kimoja tu, maana zaidi ya hicho sijiamini: mtu yeyote akinijia akasema anaumwa, nitaweka chini nilichoshika, chochote kile, na nitamfungua vifungo kwanza.

Mdogo wako,
Madamu Tabu