Kanda ya Kinanda cha Ezron Mwakatika

Mwaka umetimia, Baba Lugano, tangu Machi ile ya 1996 ulipoinuka kwenye cherehani yako hapa Bulyaga, ukasema unajisikia vibaya, ukaenda kulala, usiamke tena. Nyumba imepooza.

Ulikuwa fundi mwenye huruma. Mtoto akipita na sare iliyochanika ulimshonea palepale, asije akaona haya darasani. Ila kwa chai ulikuwa msumbufu! Ikipoa kidogo tu, inarudi jikoni.

Mitumba ilipojaa sokoni Tukuyu, wateja wakakukimbia. Mafundi wenzako walilalamika. Wewe ukaomba kinanda kibovu kilichotupwa stoo ya kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, mifuko yake ya hewa imeliwa na panya. Ukaiziba kwa tyubu za baiskeli. Kukanyaga miguu yako ilishazoea.

Tulidhani utapiga nyimbo za ibada. Kumbe! Ukamwita Hezron na gitaa lake, Amoni na ngoma zake, ukawaambia mtarekodi kanda nzima ya jazi, kinanda kitangulie, gitaa lifuate nyuma. Nani aliwahi kusikia jazi ya namna hiyo?

"Kaka, sasa watu watacheza au watasali?" Hezron aliuliza.

"Watachagua wenyewe," ukamjibu.

Mlirekodi sebuleni kwa redio kaseti ya Amoni. Mvua ya huku haina adabu, ikapiga bati katikati ya wimbo. Amoni akataka kuacha. Wewe ukapunguza mwendo, ukaifuata mvua mpaka ikaisha. Mkeo Veronika aliupenda wimbo ule kuliko yote.

Kanda ilikuwa moja tu. Hukutaka idurufiwe vibandani kabla hujaipeleka mwenyewe redioni Dar es Salaam. Hukufika, tata, baba yetu.

Halafu sisi. Siku ya mazishi mpwa wako Jacob alitafuta kanda ya kurekodia mahubiri na kwaya, ili dada yako Atupele, aliyeko Kitwe, Zambia, na ambaye hakuwahi mazishi, naye asikie ulivyozikwa. Ndivyo tunavyowafanyia walio mbali. Akatumia iliyokuwa ndani ya redio. Katika vilio vile, nani angeangalia? Wahubiri walikuwa wengi, akageuza na upande wa pili.

Tulipogundua kuwa ndiyo kanda yako iliyofutika, Mama Lugano alikaa chini jikoni akalia kuliko siku ya msiba. Jacob hatumlaumu. Lakini inauma, jamani, inauma sana. Tulikuzika mara mbili kwa siku moja.

Wiki iliyopita Atupele alikuja, tukamwekea asikilize. Kwaya ikaimba, mchungaji akaomba, makoleo yakashusha udongo. Mazishi yakaishia hapo, kanda ikaendelea. Mara kinanda! Mwisho tu wa wimbo, halafu sauti yako, unacheka: "Bado, bado. Turudie."

Atupele alipiga yowe. Mama akaikumbatia redio.

Turudie na nani sasa, Ezron?

Tunaokuuliza ni mkeo Veronika, wanao Lugano na Belinda, dada yako Atupele, mpwa wako Jacob, pamoja na wenzako Hezron na Amoni, ambao hawajapiga tena tangu uondoke.

Ndaga fijo, tata. Asante sana. Mioyoni mwetu hutoki, hata siku moja.